Uzi: Unataka kupima ukubwa wa kokoto kwa picha? Anza na picha yenyewe (uzoefu wa Masasi)

Mwamba wa Kusini (mwanzisha uzi), Jumatatu saa 2:40 usiku

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu humu shikamooni.

Mwezi huu watu wanne tofauti wameniuliza swali lile lile: "Hizi programu za kupima kokoto kwa picha mbona zinadanganya?" Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja pembeni, nifungue uzi niseme yote niliyojifunza, na wenye uzoefu zaidi waongeze.

Mimi niko kwenye machimbo ya mawe upande wa Masasi. Wenyeji mnaijua hali ya huku kwetu. Pwani yote, Mtwara mjini mpaka Lindi, ukichimba unakuta mchanga, udongo na mawe ya matumbawe. Mwamba mgumu uko bara, kwenye hii milima ya mawe ya Masasi na kule Nachingwea. Kwa hiyo kokoto ya zege la mjini inasafiri karibu kilomita 200 juu ya tipa. Ikifika Mtwara mteja akasema ni kubwa mno, au imejaa vumbi, dizeli imeshaungua na hakuna wa kukurudishia. Ndiyo maana tunataka kujua ukubwa wa mzigo kabla haujatoka getini.

Sasa niwape kisa. Kiangazi kilichopita tulikuwa tunatoa kokoto ya robo tatu, yaani robo tatu ya inchi, kama milimita 20. Nikapiga picha ya rundo saa tatu asubuhi, nikaingiza kwenye programu, ikaniambia asilimia 80 ya uzito inapita kwenye tundu la milimita 41. Nikashtuka. Nikamwambia msimamizi kokoto imekuwa kubwa, tukasimamisha krasha (mashine ya kuvunja mawe), tukakaza taya zake, siku nzima ikaishia hapo. Kesho yake vumbi likaongezeka, mteja akakataa tipa mbili. Ndipo nilipochukua sampuli ya rundo lile la kwanza, nikalipitisha kwenye chekeche. Chekeche likasema ni robo tatu ile ile. Kokoto ilikuwa sawa tangu mwanzo. Tulitengeneza krasha ambayo haikuwa mbovu kwa sababu ya picha yangu.

Nikarudi kuitazama ile picha kwa utulivu, nikaikuza kwenye kompyuta, na kila kosa likaonekana.

La kwanza ni mahali nilipokuwa nimesimama. Siku ukipata nafasi, simama pembeni utazame tipa ikimwaga. Kokoto ndogo zinatulia kileleni na katikati, zile kubwa zinabingirika hadi chini zinakuja kugusa viatu vyako. Kila rundo linajichambua lenyewe namna hiyo. Mimi nilisimama pale pale chini, nikapiga kilichokuwa mbele ya macho, kwa hiyo nilipima kokoto kubwa za rundo nikaziita rundo zima. Na kumbuka uzito unavyopanda: jiwe la milimita 100 lina uzito sawa na mawe 1,000 ya milimita 10 ya mwamba ule ule. Mawe makubwa machache ya ziada kwenye picha yanahamisha jibu lote.

La pili ni jua. Saa tatu asubuhi jua linapiga kwa upande, kila kokoto inaitupia jirani yake kivuli cheusi. Programu inatafuta kingo. Inakuta jiwe moja limekatwa katikati na kivuli cha jiwe la juu yake, inalihesabu kuwa mawili. Kwingine kivuli kimemeza kokoto ndogo kumi, haizioni kabisa. Kwenye ile picha kulikuwa na kosa jingine kinyume chake: vumbi la krasha lilikuwa limejaa kati ya kokoto, rangi moja na mawe yenyewe, na programu ikachora mstari mmoja kuzunguka vumbi lote, ikaliita jiwe. "Jiwe" hilo lilikuwa na upana wa sentimita 9! Kwa hiyo picha moja ilipasua mawe makubwa na kuunganisha madogo, yote kwa pamoja. Usidhani makosa haya mawili yanafutana.

La tatu ni kipimo. Nililaza rula chini ya rundo, nikapiga picha kwa kusimama wima. Rundo la kokoto linalala kwa mteremko wa nyuzi 35 hadi 40 hivi. Ukipiga ukiwa umesimama chini, kokoto za juu ziko mbali nawe kuliko za chini, kwa hiyo zinatoka ndogo kwenye picha. Rula yangu ilikuwa inasema kweli kwa mstari wa chini tu.

Siku hizi nafanya hivi. Naamua sehemu za kupiga kabla sijaliona rundo: juu, katikati na chini, pande mbili, basi picha sita. Sichagui penye kupendeza wala penye kutisha. Naelekeza simu iutazame mteremko uso kwa uso, yaani naiinamisha kuufuata mteremko, siishiki wima kama napiga picha ya mtu. Na napiga upande ulio kivulini wote. Asubuhi napiga uso wa magharibi wa rundo, jioni uso wa mashariki. Kivuli kilichotanda sawasawa ni rafiki. Kinachoharibu ni jua nusu, kivuli nusu. Siku ya mawingu napiga popote.

Kama rundo liko juani na hakuna namna, vijana wawili wanashika shuka jeupe kati ya jua na kokoto. Mwanga unapita laini, vivuli vikali vinaisha. Shuka la kitandani linatosha, ila liwe jeupe tupu. Tulitumia la maua siku moja, maua yakatokea kwenye kokoto.

Karibuni kwa maswali.

---

Dada wa Chikongola, Jumatatu saa 3:25 usiku

Asante kaka kwa uzi. Mimi niko Mtwara mjini, nanunua kokoto za kugonga kwa mkono kutoka kwa akina mama, kwa debe, halafu nawauzia mafundi. Ugomvi wangu na mafundi kila siku ni ukubwa. Fundi anasema nimeagiza nusu inchi, umeniletea mchanganyiko. Mama aliyegonga anasema mbona ni nusu inchi hiyo hiyo. Mimi nipo katikati. Nina simu ya kawaida na kompyuta mpakato ya mdogo wangu. Je, naweza kupima kwa picha, au hii ni ya makampuni makubwa?

---

Mwamba wa Kusini, Jumatatu saa 4:02 usiku

Dada yangu, wewe una nafasi nzuri kuliko mimi, kwa sababu mzigo wako unaweza kuutandaza. Rundo la machimboni kokoto zimelaliana, moja inaifunika nyingine. Wewe unaweza kuziweka mbalimbali kila moja ionekane yote.

Tafuta kaniki. Kokoto zenu nyingi za huko ni nyeupe au kijivu, na juu ya kaniki nyeusi kila kingo inaonekana wazi. Kanga usitumie, nakshi zake zitahesabiwa kuwa kokoto. Itandike chini ya mwembe au barazani, mahali penye kivuli kizima, uivute isiwe na mikunjo.

Sampuli usichote juu ya debe kwa kiganja. Mimina debe zima kwenye turubai, lichanganye kwa koleo, lirundike kama pia, kisha ligawe mara nne kama mkate. Chukua robo mbili zinazotazamana, ondoa nyingine. Rudia mpaka ubaki na kokoto kama 200 au 300. Tandaza zote ulizobaki nazo juu ya kaniki zisigusane, hata zile ndogo zenye kuchosha. Kama hazienei, piga picha mbili au tatu.

Weka rula kando ya kokoto, kwenye kaniki hiyo hiyo. Simama juu yake, simu iwe sambamba na ardhi. Simu nyingi zina alama ya kulinganisha mlalo inayotokea ukiishika juu ya meza, iwashe. Tumia kamera ya kawaida, ile ya 1. Usitumie ile pana ya 0.5 maana inavuta mawe ya pembeni. Usikuze kwa vidole, ukitaka karibu inama. Zima mapambo yote, hali ya sura, kunoa picha na mengineyo, yanabadilisha kingo. Na kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa kikavu. Nimeona picha nzuri zimeharibiwa na alama ya kidole tu.

Hesabu ndogo ya kukuongoza: simu ya megapikseli 12 inatoa picha yenye pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 4,000 kwa upana. Ukijaza picha na kaniki ya sentimita 60, kila pikseli ni milimita 0.15. Kokoto ya milimita 10 itakuwa na pikseli 60 na ushei, hapo programu inaiona vizuri sana. Ukipiga kutoka juu ya ngazi ukachukua mita 8 za uwanja, pikseli moja ni milimita 2, kokoto ile ile inabaki na pikseli 5. Hapo unabahatisha.

Programu tumia ImageJ, ni ya bure, ilitengenezwa kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani kwa ajili ya picha za darubini. Kwake kokoto juu ya kaniki ni kama seli juu ya kioo. Unachora mstari juu ya rula kuiambia urefu wake, unageuza picha iwe nyeusi na nyeupe, inakuhesabia kila kipande na upana wake.

Na picha usijitumie kwa WhatsApp kama picha, inaibana na kingo zinalainika. Itume kama dokumenti, au tumia waya.

---

Zege Gumu, Jumanne saa 1:10 asubuhi

Mkuu nakuheshimu, lakini naona mnazunguka. Chekeche lipo, miaka yote tunatumia chekeche, na mikataba inataka chekeche. Picha za nini? Kokoto ipitishwe kwenye matundu, ipimwe kwenye mizani, biashara imeisha.

---

Mwamba wa Kusini, Jumanne saa 1:48 asubuhi

Mkuu, kwa kokoto ya robo tatu inayokwenda kwa mteja nakuunga mkono moja kwa moja. Karatasi ninayomkabidhi mteja ni ya chekeche, si ya picha. Picha haichukui nafasi yake.

Lakini jiulize mambo mawili. La kwanza, mawe yaliyotoka kulipuliwa. Jiwe la mita moja kila upande lina uzito wa tani 2.6 hivi. Chekeche lake liko wapi, na nani atalinyanyua? Kwa mawe ya namna hiyo ni picha au kukisia kwa macho. La pili, muda. Chekeche linanipa jibu la sampuli moja baada ya kukausha, kutikisa na kupima. Picha naweza kupiga ya kila tipa ya kumi kuanzia asubuhi hadi jioni, nikaona kokoto inaanza kukua saa saba mchana kwa sababu taya zimelika. Hata kama namba yenyewe imekosea kidogo, ikikosea vile vile kila siku, mabadiliko nayaona.

Hilo la kukosea vile vile ndilo linalotaka picha zipigwe kwa namna moja. Leo jua, kesho wingu, leo mimi mrefu, kesho kijana mfupi, hapo huwezi kulinganisha chochote.

Pia tujue vitu viwili hivi havipimi kitu kimoja. Chekeche linapima kwa uzito, na jiwe refu jembamba linapita kwa kusimama wima, kwa hiyo kinachoamua ni upana wake wa kati. Picha inaona eneo la juu tu, na jiwe likitulia linalalia ubavu wake mpana, kwa hiyo kamera inaonyeshwa uso mkubwa. Mara nyingi picha itasema jiwe ni kubwa kuliko chekeche linavyosema. Hata picha nzuri.

---

Kijana wa Nyangao, Jumanne saa 7:20 mchana

Wakuu naomba msaada. Sisi tunataka kupiga kokoto ikiwa juu ya mkanda wa kusafirishia mawe, inatembea. Picha zote zinatoka kama zimepakwa mafuta. Simu ni nzuri tu, mpya.

---

Mwamba wa Kusini, Jumanne saa 7:55 mchana

Kaka, tatizo ni kasi ya shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga), simu haina kosa. Tuseme mkanda wenu unakwenda mita 1.5 kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa sehemu ya 1/60 ya sekunde, kokoto inasogea milimita 25 wakati picha inachukuliwa. Hiyo ni zaidi ya upana wake! Kwa 1/1000 inasogea milimita 1.5. Kwa hiyo ingia kwenye hali ya mikono ya kamera, weka 1/1000 au zaidi.

Ukifanya hivyo picha itakuwa giza, hasa chini ya paa la mabati. Dawa yake ni taa. Weka mbili, moja kila upande wa mkanda, ziwe na nguvu sawa ili upande mmoja ufute vivuli vya mwingine. Taa moja tu pembeni inakurudisha kwenye jua la saa tatu.

Ila kabla ya hapo fikiria juu ya mkanda wenyewe. Unatikisika njia nzima, na kila mtikiso unazamisha kokoto ndogo chini ya kubwa. Mkanda mrefu, juu unaona kubwa tupu. Weka kamera karibu na pale kokoto inapodondokea, kabla haijajichambua, au mahali inapoanguka kutoka mkanda hadi mkanda.

Na tafadhali, usiinamie mkanda unaotembea na simu mkononi. Funga kamera kwenye nguzo. Kama lazima upige kwa mkono, mkanda usimame na swichi ifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako.

---

Mzee wa Baruti, Jumanne saa 12:30 jioni

Vijana nimesoma kwa furaha. Mimi nimestaafu, nimelipua miamba miaka mingi huku kusini na kwingine. Ngoja niongeze ya kwangu kuhusu mawe makubwa, maana mwenye uzi ameyagusa akapita.

Rundo la mlipuko, lile unaloliona juu siyo lililo ndani. Tundu la baruti halijazwi mpaka juu. Sehemu ya juu tunaweka kishindilio, changarawe au vumbi la kuchoronga, ili nguvu isitoroke. Mwamba wa usawa wa kishindilio haupati nguvu sawasawa, kwa hiyo unatoka mapande makubwa, na hayo mapande ndiyo yanayobaki juu ya rundo. Kijana anakuja baada ya mlipuko, anapiga picha ya juu, anaandika kwamba mlipuko ulikuwa mbaya. Akisubiri kijiko (mashine ya kuchimba na kupakia) kianze kuchota, ndani anakuta mawe madogo mazuri. Kwa hiyo piga wakati kijiko kinachimba: kila baada ya muda fulani, kisimame, kirudi nyuma, piga uso mpya uliochimbwa, kiendelee. Rundo moja, picha 20 au 30, kuanzia mwanzo hadi linaisha. Na asiyeruhusiwa na mlipuaji asisogee, mpaka iwe imehakikishwa hakuna tundu lililobaki bila kulipuka.

Jambo la pili ni mpira. Vijana wanaweka fimbo au rula kwenye rundo. Fimbo ukiitazama kwa upande inaonekana fupi. Mpira unaonekana duara kutoka popote utakapousimamia, upana wake haubadiliki. Mpira wa miguu wa saizi 5 mzunguko wake ni kati ya sentimita 68 na 70, upana wake basi ni kama sentimita 22. Weka miwili, mmoja juu ya mteremko mmoja chini. Kwenye picha, wa chini ukipata pikseli 110, pale chini kila pikseli ni milimita 2. Wa juu ukipata pikseli 80, pale juu kila pikseli ni milimita 2.75. Programu nzuri inachukua hizo mbili, inasahihisha mteremko wote katikati.

Sisi tuliazima mipira kwa watoto wa jirani. Mmoja ulikuwa umechakaa, umelegea, haukuwa na sentimita 22 tena. Ujaze upepo, uzungushe uzi tumboni mwake, pima uzi, gawanya kwa 3.14. Na uutengenezee kiota cha mawe, la sivyo utabingirika hadi chini na wewe utaukimbiza.

---

Mwamba wa Kusini, Jumanne saa 1:15 usiku

Mzee wangu shikamoo. Hilo la kishindilio sikulijua kabisa. Nimekuwa nikipiga juu ya rundo mara tu tukiruhusiwa kuingia. Kesho naongea na dereva wa kijiko.

---

Mzee wa Baruti, Jumanne saa 1:22 usiku

Marahaba mwanangu. Dereva wa kijiko mpe maji na mwambie sababu. Ukimwambia "simama tu" atakuona unamchelewesha. Akijua mawe makubwa ndiyo yanayomlia meno ya kijiko, atasimama mwenyewe akuite.

---

Maabara Ruangwa, Jumatano saa 4:05 asubuhi

Salaam. Niko kwenye maabara, tunashughulika na madini ya kinywe (grafiti), yanayotoka kama magamba membamba. Wenzangu wanataka tupime saizi za magamba kwa picha za simu kama mnavyofanya kwenye kokoto. Nimewaambia haitawezekana kirahisi, nisaidieni hoja.

Gamba kubwa la kinywe ni kama mikroni 300, yaani milimita 0.3. Ili gamba hilo liwe na pikseli 10 tu, kila pikseli iwe milimita 0.03, maana yake picha nzima ya pikseli 4,000 ichukue sentimita 12. Hilo simu inaweza kwa kubana, kama fokasi itakubali. Lakini magamba madogo ya chini ya mikroni 75 hayataonekana kabisa, na hayo ndiyo mengi kwa idadi. Halafu kinywe kinang'aa, kila gamba lililolala linarudisha mwanga kama kioo, lenye mwinamo linakuwa jeusi. Nimejaribu na taa ya mezani, nusu ya magamba yametoweka.

---

Mwamba wa Kusini, Jumatano saa 7:40 mchana

Hoja zako zote ni za kweli, na ya magamba madogo inatugusa hata sisi wa kokoto. Kila picha ina mpaka wake wa chini. Chini ya mpaka huo programu haioni, kwa hiyo inajaza pengo kwa kanuni. Iliyozoeleka zaidi ni ya Rosin na Rammler ya mwaka 1933, waliyoitunga wakipima makaa ya mawe yaliyosagwa. Ni kanuni nzuri, ila ukiona grafu inashuka laini kabisa hadi kwenye vumbi, ujue sehemu ile ya chini hakuna aliyeiona. Imekisiwa.

Kwa vumbi mimi sibishani, natumia chekeche. Kwa kinywe chako ningeona hivyo hivyo: chekeche kwa madogo, darubini yenye kamera kwa kuangalia umbo. Kuhusu kung'aa, jaribu kuizungushia taa karatasi nyeupe, au zungusha sampuli kwa bakuli jeupe lenye tundu la kamera juu, mwanga uingie kwa kupiga kuta kwanza.

---

Zege Gumu, Jumatano saa 3:10 usiku

Naomba nirudi. Nimesoma tena, hoja ya taya kulika saa saba mchana imenigusa, maana ndilo lililotupata. Swali: zikinyesha mvua? Huku kwetu kuanzia Desemba mpaka Aprili rundo halikauki.

---

Mwamba wa Kusini, Jumatano saa 3:34 usiku

Swali zuri. Mvua kubwa iliyonyesha usiku mzima inasaidia: inaosha vumbi la juu, kingo zinaonekana. Tatizo ni saa mbili baadaye, jua likitoka, nusu ya kila kokoto imekauka imekuwa nyeupe, nusu bado nyeusi. Programu inachora mstari pale rangi inapobadilika, inapasua jiwe moja mara mbili. Kwa hiyo ama piga ikiwa yote imelowa na mawingu yapo, ama ngoja ikauke yote. Katikati usipige. Na vumbi lililolowa linagandia kokoto, linaficha zile ndogo, kwa hiyo kwenye daftari andika "imelowa" pembeni ya kila picha ya namna hiyo, usiichanganye na za kiangazi.

Nimetaja daftari. Kila picha iandikwe saa, upande wa rundo, juu au chini, hali ya hewa na aliyepiga. Picha 200 kwenye simu bila maandishi, baada ya wiki hujui ipi ni ipi.

---

Dada wa Chikongola, Jumamosi saa 11:15 jioni

Jamani nimerudi na majibu. Nilinunua kaniki sokoni, nikatandika barazani, nikafanya kama kaka alivyoelekeza. Mara ya kwanza kokoto zilikuwa zinagusana, ImageJ ikaniambia nina jiwe moja la sentimita 14. Nikacheka, nikazitenganisha moja moja kwa kijiti. Saa nzima! Mama mmoja anayenigongea akakaa chini akanisaidia, na yeye ndiye aliyegundua kwamba kokoto zangu zina vumbi lililoganda upande mmoja, tukaziosha tukaanika kwanza.

Mwisho tukapata. Kisha nikapitisha debe lile lile kwenye chekeche la fundi la nusu inchi. Picha ilisema karibu theluthi ya uzito ni kubwa kuliko nusu inchi. Chekeche likabakiza robo. Haziko sawa, ila zote mbili zinasema kwamba fundi alikuwa na haki. Yule mama alizitazama zile kubwa zilizobaki juu ya chekeche, akazichukua akaenda kuzigonga upya, bila neno.

Swali langu: hiyo tofauti ya theluthi na robo niifanyeje?

---

Mwamba wa Kusini, Jumamosi saa 1:05 usiku

Hongera sana dada, na umpe mama salamu zangu. Saa moja ya kutenganisha kwa kijiti ndiyo kazi yenyewe, siyo kupoteza muda.

Tofauti hiyo ndiyo ile ya jiwe kulalia ubavu wake mpana. Usiirekebishe kwa debe moja. Fanya madebe matano, ya akina mama tofauti, kila moja lipigwe picha kwenye kaniki na lipitishwe kwenye chekeche, uandike namba mbili mbili. Ukiona kila mara picha inazidi kwa kiasi kile kile, utakuwa umepata sahihisho lako mwenyewe, la kokoto zako na simu yako. La mwingine lisikuhusu. Ikiwa kila debe linatoa tofauti yake, nitumie zile picha, kama dokumenti, tuzitazame kingo pamoja kabla hujapima debe la sita.